Nyumba ya Kunong'ona

Mume wangu alifanya kazi usiku kwenye maghala ya uwanja wa ndege, kwa hiyo mchana alilala, na mchana sisi tulinong'ona. Mie na binti yangu, miaka nenda rudi, katika fleti ya chumba kimoja Hounslow, London. Ndege zilipita juu ya paa, vikombe vikatetemeka kabatini, na bwana akakoroma. Lakini niangushe kijiko, basi! Ameshaamka, amesimama mlangoni na shuka begani, anauliza kama kuna mtu anayemjali ndani ya nyumba hii. Binti yangu alijua kunong'ona kabla hajajua kusema sawasawa, tena kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu, kukijibu hataki.

Mie ni wa kisiwa cha Ngazidja. Mama alikulia Unguja ndipo akarudi kwao kuolewa, na Kiswahili cha Unguja ndicho alichotulea nacho. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Msichana akizaliwa, wazee wanaanza kutafuta mawe ya kumjengea. Siku ya harusi mume ndiye anayekuja na sanduku lake, na mkigombana ndiye anayelibeba kwenda kulala kwa mama yake. Bwana huyuhuyu, alipokuja kunioa kutoka London, alikaa kwangu mwezi mzima. Alikula, akasifu upepo wa dirishani, na siku aliyovunja gilasi aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Nikadhani ndivyo alivyo, mtu mpole. Kumbe ilikuwa adabu ya ugeni tu!

Mwaka wangu wa kwanza huku tuligombana kwa ajili ya sufuria iliyoungua. Nikamwambia vile ambavyo mama yangu angesema, na bibi yangu, na kila mwanamke wa mtaa wetu: "Haya, toka nyumbani kwangu!" Wallahi sikufikiri, yalinitoka tu.

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Nyumba ya nani, bibi wee? Hapa Hounslow. Mkataba una jina langu, na viza yako imesimama juu yangu mimi. Wa kutoka hapa ni wewe."

Nikabaki na sufuria yangu mkononi. Nilitaka kulia, hasira zikanikausha machozi. Kesho yake akachukua pasi yangu ya kusafiria, na baadaye ya mtoto, akazifungia kwenye kabati lake la kazini. Eti zisipotee. Kule Ngazidja nyumba yangu ilikuwa imesimama, mama akiifagia kila Ijumaa, ikinisubiri mie na binti yangu, nami sina hata karatasi ya kunipandisha ndege. Tena ndege zenyewe nazihesabu dirishani kutwa.

Jumamosi aliniruhusu kwenda kwenye chama. Aliniruhusu! Neno hilo linanichoma mpaka leo. Kilikuwa chama cha wanawake wa visiwani, Wangazija, Waunguja na dada mmoja wa Shelisheli, tukikutana kwenye ukumbi wa kuazima, na chai na maandazi. Kazi yetu ilikuwa kuwaunga mkono wanawake wa kwetu waliokuwa wakidai viti kwenye kamati ya kijiji. Maana mwanamke wa Ngazidja nyumba anayo, lakini uwanjani, pale wanaume wanapokaa kuamua bomba la maji lipite wapi, hana kauli. Sasa walikuwa wamechoka. Walipata kipindi kwenye redio ndogo ya huko, wakatuomba tuwapelekee kaseti, wanaume wasikie kwamba hata walio ng'ambo wako upande wao.

"Utasema wewe, shoga," mwenyekiti wetu akaniambia. Alikuwa Muunguja mnene wa mwili na wa maneno. "Mungu kakupa mdomo, usiuweke bure."

Kweli ninao. Ila pale ukumbini watoto walipiga kelele mpaka kaseti ikaharibika, hivyo mwenyekiti akaniazima redio yake ya kaseti nikarekodi nyumbani. Nilingoja bwana alale, nikajifungia bafuni, nikaziba chini ya mlango kwa taulo. Nikasema yote niliyoyaamini. Dada zangu, msikubali kuamuliwa. Maji mnayateka nyinyi, nyumba ni zenu, simameni mseme. Msimwogope mtu! Nilitoka bafuni jasho linanitiririka na furaha imenijaa kifuani. Bwana alikuwa bado anakoroma. Nikampelekea mwenyekiti kaseti, naye akampa msafiri.

Wiki kadhaa zikapita. Alasiri moja simu ikalia, nikairukia kabla haijalia tena. Alikuwa mama, ambaye hapigi simu hivi hivi, kwa kuwa ni ghali.

"Tumekusikia redioni," akasema. "Wanawake walijaa hapa kwangu, hata pa kukanyaga hapana."

"Wamependa?"

"Maneno yako mazuri, mwanangu, wameyapenda. Lakini redio tuliifungua mpaka mwisho na bado tukawa tunainamisha masikio. Jirani akaniuliza, kuna mgonjwa kwa mwanao? Kuna maiti ndani? Mbona ananong'ona? Mie nikawaambia una mafua."

Nikautupia jicho mlango wa chumbani.

"Sasa niambie mie mama yako. Uko nyumbani kwa nani huko, hata ukawa unasema hivyo?"

Loo! Nilitaka kumwambia pasi ziko wapi. Nilitaka kumwambia afungue madirisha ya nyumba yangu, atandike kitanda, nakuja na mjukuu wake hata kwa kuogelea. Nikafungua mdomo. Chumbani kitanda kikalia.

"Nani huyo?" bwana akauliza.

"Mama," nikamjibu. "Anakusalimu."

"Mie sijamsalimu mtu!" mama akasema, kwa sauti yake yote, kutoka sebuleni kwake.

Nikabana simu shavuni kwa mikono miwili, asije akasikika.