Sisimizi wa Ndoo ya Baba

Kwa siku tatu nilikosa usingizi kwa ajili ya swali moja: sisimizi walitafuta nini kwenye ndoo ya baba?

Wakati wa vita, pale Bunia, giza likishaingia hakuna aliyethubutu kwenda choo cha nje. Kila chumba kilikuwa na ndoo yake, na kazi ya kuzimwaga asubuhi ilikuwa yangu, mimi niliyetoka kumaliza masomo ya biolojia na sikuwa na kazi nyingine. Mama ndiye aliyeuona kwanza ule mstari mwembamba wa sisimizi ukipita chini ya mlango wa chumba chao. Sukari ilikuwa adimu tangu magari ya mizigo kutoka Ariwara, mpakani, yalipoacha kufika, basi mama hakukawia kupata mwizi.

"Muzee, unaficha sukari mu chumba."

"Sukari gani, mama? Kama niko nayo, ningekunywa hii chai yako ya uchungu?"

"Sisimizi haidanganyaka."

Akapekua godoro, akapekua hata sanduku la vitambaa. Mimi niliufuata mstari kwa macho hadi mwisho wake, ukingoni mwa ndoo, na tangu hapo sikutulia.

Baba alikuwa fundi cherehani. Mwaka ule wateja wengi walimletea nguo za kupunguzwa, maana njaa na hofu zilimkondesha kila mtu, na alipopunguza suruali yake mwenyewe hakuna aliyeshangaa. Vita inakula watu, walisema. Lakini nilianza kuhesabu mishono. Suruali ya jirani ilikuwa imepunguzwa mara moja. Ya baba mara tatu, ingawa kwenye maharage alikuwa akitushinda sote. Bido la maji la lita tano, ambalo mama alilifuata kwenye chemchemi pamoja na kundi la wanawake kwa kuogopa risasi, baba alilimaliza peke yake kabla ya saa sita. Tena alikuwa ameanza kunipa sindano nimtungie uzi.

"Siku hizi wanatengeneza uzi iko na manyoya," alilalamika.

Labda ni uzee, nilijiambia. Labda maharage yamezidi chumvi. Labda sisimizi wa mtaa wetu nao wamevurugwa na vita.

Niliokota vizibo viwili, nikatia mkojo wangu kwenye kimoja na wake kwenye kingine, nikaviweka nyuma ya jiko. Baba alinikuta nimechuchumaa.

"Masomo miaka tatu, kumbe ni ya kuchunga sisimizi."

Niliendelea kuwatazama sisimizi. Kizibo changu walikipita tu. Chake walikizingira mpaka ukingo ukawa mweusi. Nikabadilisha nafasi za vizibo. Nao wakahama.

Nililikumbuka somo: mwili ukishindwa kuitumia sukari, huitupa kwenye mkojo, na maji huifuata. Mtu wa namna hiyo asipotibiwa anaweza kulala asiamke. Hospitali ilikuwa Nyakasanza, na katikati kulikuwa na kizuizi cha wapiganaji. Nikikosea, nitakuwa nimempeleka baba mbele ya bunduki kwa sababu ya wadudu. Nisipokosea je, na bado nimekaa hapa nahesabu mishono?

Siku ya nne, mchana, alisinzia juu ya cherehani, shavu likiwa kwenye kitambaa. Mama alimwita mara tatu ndipo akainuka. Nikatoa baiskeli.

"Tunaenda wapi?"

"Hospitali."

"Juu ya nini?"

"Juu ya sisimizi."

Akacheka, lakini alipanda nyuma.

Kwenye kizuizi mpiganaji mmoja alichomoa chupa kwenye mfuko wangu, akaitikisa. "Lotoko?" Alidhani ni pombe kali.

"Mukojo ya baba yangu."

Alinitazama, akamtazama baba, akairudisha kwa vidole viwili. "Mupite na bichafu yenu."

Njia nzima nilipanga maneno ya kumwomba radhi muuguzi kwa kumsumbua siku za vita. Nilipofika niliyasahau. Niliiweka chupa juu ya meza yake.

"Mupime sukari," nikasema.