Siku Niliyomvuta Baba Mkwe kwa Miguu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nikiwa bado mgeni katika boma la Mzee Nzioka, juu huku Mbooni, karibu na soko la Kikima. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Hata kuku wa boma lile walikuwa hawajanizoea.

Mume wangu Kioko alikuwa amenunua gari la mbio lililokwisha kutumika. Lilikuwa la milango miwili, na tumbo lake karibu liguse barabara. Likipita Kikima, watu walitoka madukani kulitazama. Lakini kwenye kona za kushuka mlima lililalia upande kama punda aliyefungwa mzigo vibaya, na chini yake kulisikika chuma kikigonga. Fundi mmoja wa mji wa Wote akamwambia stabilaiza ya mbele imekwisha. Hicho, mwanangu, ni chuma kirefu kilichopindwa, kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona. Kila ncha yake inashikwa na kijiti kifupi wanachokiita linki. Kioko akanunua stabilaiza mpya na linki zake, akasema kazi ataifanya mwenyewe nyumbani. Ninyi siku hizi mnajifunzia kwenye simu. Yeye alijifunza kwa kuchungulia mafundi.

Akainua gari uani, akatoa magurudumu ya mbele. Alikuwa na stendi moja tu ya chuma ya kuegemezea gari, akaiweka kushoto. Kulia, gari likabaki juu ya jeki peke yake, na chini ya jeki kipande cha ubao. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu unaujua.

Nati ya linki ya kulia ikakataa. Kioko akiizungusha, nayo inazunguka pamoja na bolti yake. Mzee Nzioka alikuwa ameketi kando akitazama. Ujana wake wote aliendesha malori kwenye barabara ya Mombasa. Akainuka na kusogea.

"Leta hiyo spana nijaribu," akasema.

Kioko alikuwa ametoka jasho na aibu, maana majirani wawili walikuwa wamesimama pale wakimtazama akishindwa. Akajibu bila kuinua kichwa: "Baba, hii si lori yako ya zamani. Wewe kaa tu, upate jua."

Majirani wakacheka. Mzee alirudi akaketi, akaweka mikono juu ya magoti. Wazee walisema ulimi huuma kuliko meno, na mimi siku ile niliona mtu akiumwa.

Kioko akaamua kwenda Kikima kuazima stendi ya pili. "Gari ikiwa juu upande mmoja kuliko mwingine," akaniambia, "hicho chuma kinajikaza kama mtego. Tena hiyo jeki siiamini. Mtu asiingie huko chini mpaka nirudi." Majirani wakaondoka naye. Mama mkwe, ambaye sote tulimwita Mwaitu, kama tuwaitavyo mama zetu huku Ukambani, alikuwa amekwenda shambani. Tukabaki wawili uani, mimi nikitwanga muthokoi, mahindi ya kukoboa, kwenye kinu, mzee akilitazama lile gari.

Hapa lazima nikueleze jambo, maana dunia imebadilika. Wakati ule mke hakumgusa baba mkwe. Nikikutana naye njiani, nilipisha na kuinamisha macho. Chakula nilimwekea mezani nikaondoka. Kumwita kwa sauti kubwa ilikuwa aibu ya kusimuliwa soko zima.

Niliposikia gunia likiburutwa, niligeuka. Mzee alikuwa ameshalitandika chini ya gari, upande ule wa jeki, akalala chali na kuingia. Nje yalibaki magoti na buti zake za mpira.

"Baba," nikaita kwa upole, "Kioko amesema tungoje."

Kisha nikasikia spana ikiuma nati. Akavuta, na gari likatikisika. Akavuta tena. Nilitazama jeki: ubao ulikuwa umezama upande mmoja, na jeki ilikuwa imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

"Baba, toka! Jeki inalala!"

"Rudi kwa kinu chako," akasema kutoka chini.

Mwanangu, aliye chini ya gari haioni jeki. Anaona nati yake tu. Mimi niliyesimama nje ndiye niliyekuwa nikiiona, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kusema. Nilitazama njia ya Kikima, haikuwa na mtu. Mchi ulikuwa bado mkononi mwangu. Akavuta spana mara nyingine, na udongo chini ya ubao ukatoa maji.

Nikautupa mchi, nikashika buti yake na kuvuta. Buti ikabaki mikononi mwangu, tupu. Akapiga kelele, "Wewe! Una wazimu?" Nikakamata vifundo vya miguu yake, ngozi kwa ngozi, nikajirusha nyuma kwa uzito wangu wote. Gunia likateleza kwenye tope, naye akaja nalo, shati limepanda hadi shingoni na tumbo wazi. Kichwa chake kilikuwa kimetoka tu chini ya gari jeki ilipochomoka. Gari likashuka kwa kishindo, na kile chuma cha duara kinachobeba gurudumu kikajichimbia shimo pale kilipokuwa kifua chake.

Tulikaa topeni, yeye na mimi, hakuna anayemtazama mwenzake. Kisha akainuka, akashusha shati na kuingia ndani, mguu mmoja ukiwa na buti na mwingine mtupu.

Ungedhani alinishukuru. La. Jioni ile chakula nilichopika kilirudi kama kilivyokwenda. Kesho yake pia. Aliagiza chai kwa jirani, na akinisikia uani alifunga mlango. Kioko alikuwa kati yetu kama mtu aliyeshikwa na mlango. Gari likabaki limelala upande. Minong'ono ilikuwa imefika kisimani kabla yangu: mke wa Kioko amemvua baba mkwe buti. Nilikunja nguo zangu, nikazitia kwenye mfuko, nikangoja kuambiwa nirudi kwetu Kalamba.

Aliyevunja ukimya ni Mwaitu. Alituita sote sebuleni, akasimama mbele ya mumewe. Mama yule hakuwa na maneno mengi, ndiyo maana tuliogopa.

"Nzioka," akasema, "heshima ni ya mtu aliye hai. Ungekufa na heshima yako pale, mimi ningeipeleka wapi? Ningeipikia chai?" Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe uliyemwambia baba yako akae aote jua mbele ya watu, unajua ni nani aliyemsukuma chini ya gari? Si mimi."

Kioko akainamisha kichwa. Mzee alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimsikia. Mara zote alizoniita nilimsikia. Niliona afadhali gari linilalie kuliko kutoka tena nimeshindwa."

Kioko alilia, mwanangu, mwanamume mzima. Akapiga magoti mbele ya baba yake na kuomba msamaha kwa neno lile. Mzee akamwekea mkono kichwani. Kisha akaniita kwa jina langu, Mumbua, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Akasema, "Mama, niletee muthokoi. Nina njaa." Nilikimbia jikoni nikigonga viti.

Kazi waliimaliza wawili. Waliinua gari pande zote mbili sawa, juu ya stendi mbili, na chini ya kila stendi bamba pana la chuma. Kioko aliingia chini, naye mzee akasimama nje macho yakiwa kwenye stendi. Kila aliposema "Toka," Kioko alitoka, hata kama hakukuwa na kitu, hata kama nati ilikuwa imebakisha mzunguko mmoja. Na ile nati iliyokataa, mzee alimwonyesha namna ya kuishika bolti kwa ufunguo mdogo huku akizungusha nati kwa spana. Ikafunguka. Tuliposhuka mlima kwa gari lile, sote wanne tumebanana ndani yake, lilishika kona bila kulala na bila kugonga. Mwaitu alifumba macho njia nzima akiomba.

Sasa sikia, mwanangu, maana majuto ni mjukuu na mimi sitaki umlee. Ukiona jeki inazama chini ya mtu, usiulize wewe ni nani mbele yake. Mkubwa au mdogo, mvute. Lawama mtazipanga akiwa hai. Na zamu yako ya kulala chini ikifika, maana itafika, iwe ni gari, ni ndoa au ni kazi, mweke mtu nje unayemwamini, na akisema toka, utoke kwanza ndipo uulize sababu. Wala usimwaibishe mzee mbele ya watu. Hujui atakwenda kulala chini ya nini ili akuonyeshe kuwa bado ana nguvu.

Mungu akulinde uendako na urudiko. Mikono yako ipate kazi, na kazi isiile. Akupe watu wa kukuita kwa sauti kubwa, na masikio ya kuwasikia ungali na nafasi. Nenda, mwanangu, ubarikiwe.