Paa Lililozeeka Kabla ya Kujengwa

Swaumu Husseini alifundisha hesabu kwa miaka sita kabla ya kuingia ofisi ya ramani ya Bwana Barasa mjini Kakamega, mwaka 1996. Vilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo. Barasa alichora majengo kwa penseli na rula, lakini nduguye aliyesomea Nairobi alikuwa amemletea kompyuta pamoja na programu ya kutengeneza picha. Programu hiyo haikutaka mchoro. Ilitaka kuandikiwa kila jambo: ukuta umesimama wapi, jua linatokea upande gani, mbao inapokeaje mwanga na kioo kinapokeaje. Barasa aliitazama siku mbili, akaona ni hesabu tupu, akatafuta mtu wa hesabu.

Kazi iliyompa Swaumu jina pale ofisini ilitoka Matungu, kwao. Kamati ya madrasa ilitaka kujenga madarasa manne, na kwa kuwa wazee hawakuzoea kusoma ramani, Barasa alitaka wapewe picha. Swaumu akaandika kuta, madirisha na paa. Programu ilikuja na vitu vichache vilivyokwisha kutayarishwa: marumaru, mbao, kioo, chuma king'aacho. Bati halikuwemo. Akaliazima paa kile chuma. Kompyuta ikahangaika tangu asubuhi hadi alasiri, mstari baada ya mstari, umeme ukakatika mara moja na kazi ikaanza upya. Picha ilipotoka, Barasa aliinyanyua akasema wamelifunika darasa kwa sufuria mpya.

Swaumu hakubisha. Jumamosi alikwenda nyumbani kwa mamake, Sumayya, akaketi uani na daftari akilikodolea macho paa la marehemu babake. Mawimbi ya bati hayakumsumbua, maana mkunjo ule wa hesabu aliuchora ubaoni miaka yote ya ualimu. Kilichomshinda kilikuwa rangi. Mamake alipoleta chai na kuuliza anatafuta nini huko juu, Swaumu alimweleza kwamba anataka kujua kutu inavyotembea, na kwamba yeye ameiandika ianzie kwenye misumari.

Sumayya alikuwa ametega masufuria chini ya paa lile misimu mingi ya mvua. "Msumari unasingiziwa tu, mwanangu," alisema. "Kutu inaanzanga pale maji yanapojificha, bati moja likilalia lingine. Huko jua halifiki. Ukiiona kwa juu, chini imeshakula zamani."

Swaumu aliandika maneno hayo kama alivyoyasikia.

Ofisini alifuta yote akaanza upya. Safari hii kutu ilianzia chini ya mlalio, ikateremka na maji, ikakolea mabondeni na kufifia migongoni, na kila ilipofika, bati likaacha kurudisha mwanga. Akaongeza namba moja ya umri: ukiandika sifuri, paa ni jipya, ukiandika kumi, limekaa miaka kumi. Ilimchukua majuma matatu. Ilipokubali, alijisikia kama anayesahihisha daftari akakuta jibu ni sawa, akaenda kula.

Barasa aliipenda ile sifuri. Ya kumi aliitia kwenye droo. "Mwalimu," alimwambia, "mteja haonyeshwi uzee wa nyumba ambayo hajaijenga."

Wazee wanne walikuja Alhamisi, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mzee Swaibu. Baada ya salamu walipewa picha, wakaisifu, wakawa tayari kutia sahihi. Kabla ya kushika kalamu, Mzee Swaibu akauliza kama paa hilo litadumu. Barasa alimgeukia Swaumu, pengine akitaka aungwe mkono. Swaumu hakuwa mtu wa ubishi, lakini swali lilikuwa limeulizwa na jibu lilikuwa kwenye droo. Akaifungua, akailaza picha ya pili kando ya ile ya kwanza.

Mzee Swaibu aliisogeza karibu na macho. "Hii mliipiga lini? Si nyumba ya marehemu Husseini hii?"

"Haikupigwa, mzee," Swaumu alisema. "Ni madrasa yenu, miaka kumi baadaye, ikijengwa hivi."

Wazee wakapokezana picha ile. Kisha Mzee Swaibu akauliza, kwa upole tu, hiyo "hivi" ni nini. Swaumu akamwonyesha kwa kidole: paa limelala mno, na mabati yanapishana padogo. Wazee wakashauriana, wakaomba paa liinuliwe na milalio iongezwe. Barasa akachora tena. Siku mbili hakumsemesha Swaumu. Siku ya tatu alimwekea mezani ramani ya kinu cha posho, akamwambia anataka kukiona kikiwa na miaka kumi.

Wakaenda hivyo hadi 1999, Barasa aliponunua programu mpya iliyobeba mamia ya vitu tayari, bati la kila umri likiwemo. Kazi ya majuma ikawa ya nusu saa. Swaumu aliijaribu, akaona kutu ya humo imemwagwa popote, kama madoa ya chai. Alimweleza Barasa, naye akajibu kwamba wateja hawalalamiki. Ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata Swaumu alirudi kufundisha, shule moja huko Likuyani. Walimu wenzake walipomuuliza alifanya nini Kakamega, alijibu kwamba alikuwa akitengeneza kutu, nao wakadhani wamesikia vibaya.