Pahali Walimutupa Bwana Yangu

Watu wa sosiete sivile, wale wenye kutetea raia, walitundika kitenge katikati ya sale ya mikutano ya parokia, ili siye wenye kupoteza watu wakati ya vita tusemee nyuma yake, mutu asituone. Majina pia walikataza. "Sema tu 'mutenda maovu,' mama. Majina ni kazi ya majaji wa tribinali."

Mimi shule niliacha mapema. Lakini ule aliyeingia kwangu na panga haitwi mutenda maovu. Iko na jina, iko na muke, anauzisha nyama hapa Shari, na watu wanamusifu eti anapimaka muzuri.

Nilitoka nyuma ya kitenge. Alikuwa anakaa mbele, kofia kwenye magoti. Nikamunyooshea kidole, nikataja jina lake na la baba yake.

"Ni huyu alitoa bwana yangu chini ya kitanda. Walikuwa marafiki, alijua pahali anajificha. Aseme tu kule walimutupa, nimuzike."

Animatere wa mukutano, kijana wa shati safi mwenye kutuongoza, akaanza: "Mama, tulikubaliana..."

"Nyamaza weye!" mama mumoja akamukata. "Ni bwana yako walichinja?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Muuza nyama akavaa kofia yake, akatoka.

Kesho yake alifika sokoni kwenye meza yangu ya samaki. Akageuza samaki moja, akairudisha.

"Shemeji, habari ya watoto?"

"Usiniite shemeji."

"Unakasirika bure. Ile pahali naikumbuka, ni porini, njia ya kwenda Kilo. Nitakuonyesha Jumamosi. Lakini kuya peke yako. Wale wako wa sosiete sivile wanasemaka sana."

Kisha akataja binti yangu, na njia anayopitia akienda shule.

Nilikimbia kwenye biro ya sosiete sivile, nikawaelezea yote. Mama mukubwa wa pale akashika kichwa. "Tutaandika kwa tribinali, watatuma wenye kuchimba."

"Lini?"

Akafunga daftari yake. Akasema: "Basi tutaenda na weye."

Tulienda wanawake watupu, na majembe. Alikuwa anangoja kando ya njia, ameegemea pikipiki yake. Alituhesabu kwa macho.

"Shemeji, nilisema peke yako."

Akanyoosha mukono, akauzungusha polepole juu ya pori lote, kutoka mutoni mpaka kilimani.

"Ni hapa. Chimbeni, basi."

Tunarudiaka kule kila Jumamosi. Mama mukubwa anangoja jibu ya tribinali, siye tunachimba. Binti yangu nilimutuma Mahagi kwa dada yangu. Muuza nyama anapitaka ile njia kwenda kununua ngombe. Akituona anapunguza mwendo, anapiga honi.