Nilinenepa nikiwa kwenye wheelchair, majirani wakasema napona

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Mniwie radhi nikirukaruka, siku hizi situlii.

Nilikuwa hamali soko la Kongowea. Gunia la viazi likaniangukia mgongoni, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikafa ganzi. Nikarudi kwa mama yangu, huko Mtopanga, nikiwa kwenye wheelchair.

Sasa kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Na ukiletewa chakula uonje mbele ya mgeni, ama utaambiwa una dharau. Asubuhi mahamri, mchana pilau, jioni viazi karai. Katikati, mama na supu yake.

Nakula kama hamali, na mzigo sibebi!

Tumbo likaja mbele, mapaja yakabaki vijiti. Majirani wanashangilia: "Mashallah, mwili umerudi!"

Mwili gani jamani? Mtu wa physio, yule wa mazoezi ya viungo, alishanieleza: misuli ya miguu imekwisha, mwili hautumii chakula kama zamani, kinachoongezeka ni mafuta. Nilimsikia, nikaendelea kuonja.

Hadi siku mama alipokwenda matangani. Nikabanwa na choo. Nikajivuta kutoka kitandani niingie kitini, mikono ikashindwa na uzito wangu. Nikaanguka sakafuni, nikajichafua, nikangoja hapo hapo. Wallahi nililia kwa aibu.

Mama aliporudi hakuweza kuniinua. Akaita majirani, wale wale wa pilau.

Nikamwambia vya wageni sili tena. Akawaka: "Wataka watu waseme namnyima mwanangu chakula?"

Kumbe hofu yake ndiyo hiyo.

"Mama, nawe ukizeeka, n'nani ataniinua?"

Akavuta kigoda, akaketi kando yangu.

Tukapatana: mboga kwa wingi, samaki, wali kidogo, na mazoezi ya mikono kila siku. Mgeni akileta sahani, mama huivuta kwake: "Nipe mimi, namuonjea." Sasa madera yanambana yeye, lakini hilo tuliache.

Wiki iliyopita nilihama kitandani hadi kitini peke yangu. Mama alisimama kando, mikono tayari kunidaka. Nimeshakaa, yeye bado kainyoosha, machozi yanamtoka.

Nilichojifunza ni kwamba kunenepa si kupona.

Wenzangu mlio kwenye kiti, mgeni akija na biriani mnamwambiaje? Semeni upesi, mama hayupo na kuna mtu anapiga hodi.