Barua Niliyomsingizia Mama

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia kijana ameomba kusoma sheria. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nafanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja huku ughaibuni, mtaa wa Edmonton. Adhuhuri ile nikapata matokeo ya mtihani wa kuingia masomo ya sheria. Alama zilikuwa za juu mno. Nilipiga ukelele hata bibi mmoja akadhani pameshika moto.

Furaha haikudumu. Fomu ya chuo ilitaka pia alama za sekondari, na zangu zilikuwa D mbili na E moja. Sikuonewa. Nilikuwa mtoro. Mama akiondoka alfajiri kwenda kusafisha maofisi, mimi nilirudi kulala, au nikaenda kuzurura mtaa wa jirani, Tottenham, na wenzangu.

Basi nikaandika barua ya maelezo. Nikasema mama alikuwa mahututi miaka ile, na mimi ndiye niliyemuuguza. Astaghfirullah! Mama alikuwa mzima, hakukosa kazi hata wiki moja. Lakini barua ilipendeza, mwenyewe nilikaribia kulia.

Nikampelekea Bi Salma, mpishi wetu pale kazini, Mpemba, zamani karani wa mahakama kwao. Kiingereza alikisoma vizuri, kukiandika ndiko kulikomshinda. Alikuwa akikisoma chuo cha jioni na ameshafeli mtihani wake mara mbili. Mara zote mbili aliingia jikoni akatangaza mbele yetu sote, "Nimefeli tena, jamani. Januari narudi." Mtu mzima, mwenye wajukuu! Mimi niliyeficha alama zangu miaka kumi nilimtazama kwa mshangao.

Alivaa miwani, akasoma barua mara mbili.

"Mama yako aliugua lini?"

Nikajifanya napanga vikombe.

"Nilikaa naye harusini juzi. Kaniambia hajalazwa ila kwa kujifungua."

"Bi Salma, kila mtu anaandika hivi."

"Huyo kila mtu mimi simjui. Nakujua wewe. Unataka kwenda kuwasemea watu mbele ya hakimu, halafu unaanza kwa kumlaza mama yako kitanda cha hospitali?" Akanirudishia karatasi. "Nimeandika maneno ya mashahidi miaka mingi, mwanangu. Aliyesema 'hapa nilikosa mimi', hakimu aliinua kichwa akamtazama. Nenda kaandike upya."

Nilimkasirikia, sikufichi. Nililia ndani ya basi mpaka nyumbani. Kisha nikaandika: nilikuwa mtoro, na kosa ni langu. Nikaeleza kazi yangu ya miaka sita na kozi ya jioni niliyoimaliza.

Vyuo vitatu vilinikataa. Cha nne kikaniita. Mwalimu mmoja akaniuliza, "Kwa nini tukuamini sasa?" Nikamjibu kwamba kila zamu naandika ripoti ya wazee wangu, na siku niliyochelewa kumpa mmoja wao dawa niliandika kosa hilo kwa mkono wangu, na jina langu chini. Akaweka kalamu mezani akanisikiliza. Wakanichukua, kwa sharti nianze na mwaka wa matayarisho. Wakati huo Bi Salma alikuwa amefeli mara ya tatu, na akanipikia biriani ya kunipongeza. Mpaka leo sijaona moyo kama ule.

Sasa nawatetea wapangaji, na mama alikuwepo siku nilipopokelewa rasmi kuwa wakili.

Kwa hiyo nisikilize, wewe mwenye mtihani mzuri na alama mbaya za sekondari. Usiuringie mtihani ukazifunika alama, wataziona tu. Zitaje mwenyewe, useme sababu ya kweli kwa mistari michache, kisha uonyeshe ulichofanya tangu hapo. Kama kweli uliuguza mtu, sema, wala usione haya. Kama ulizembea, sema hivyo hivyo. Omba vyuo zaidi ya kimoja, na wakikupa njia ndefu ipokee. Na kabla hujatuma, msomee mtu anayekujua vizuri, hasa yule unayemwogopa kidogo.

Mungu akupe ulimi mkweli na subira ya kusubiri majibu. Akujaalie walimu wa haki na umri wa kuifaidi elimu yako, na wazazi wako wafurahi nawe wangali hai. Amin.