Kunguru Ashuka Paa la Mwisho

Saa mbili kasoro asubuhi, fundi wa mapaa ambaye mtaa mzima unamwita Kunguru yuko kwenye kidato cha tisa cha ngazi yake. Hatazami anapokanyaga. Anahesabu. Chini, mkewe ameishika ngazi kwa mikono miwili na kuibana kwa goti.

"Baba, cha kumi na mbili ndicho kilichopasuka," anamkumbusha.

"Nakijua kuliko ninavyokujua wewe."

"Haya. Kikikuangusha usinililie."

Kidato cha kumi na nne kinamfikisha kwenye gata, mfereji wa bati unaopokea maji ya paa. Anatia mkono na kuchota majani makavu, tope, manyoya ya njiwa. Kisha mkono unasita. Unatoka na kipande cha mfuko wa nailoni kilichofungwa nyuzi nne, na mwisho wa nyuzi kijiwe.

"Parachuti!" anapaza sauti, kama mtu aliyeokota pochi, na kuliachia lishuke.

Mjukuu wa mwenye nyumba, binti wa miaka saba hivi, analidaka, analigeuzageuza, kisha anauliza:

"Linachajiwa wapi?"

Mke wa Kunguru anacheka mpaka ngazi inatikisika. Kunguru hacheki.

Hili ni paa lake la mwisho. Saa nne fundi mwenzake atakuja kuichukua ngazi, ambayo imeshauzwa.

Kwa miaka thelathini na mitatu Kunguru amezibua magata, ameziba matundu ya mabati na kurudisha vigae vilivyohama. Alikuwa akipata mapaa matano kwa wiki. Siku hizi akipata mawili anashukuru. Kati ya kila mapaa manne, malipo ya moja yanaishia kwenye chupa ndogo ya dawa ya macho.

"Zamani hukosi kitu huko juu," anasema, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Vishada vya gazeti vilivyogandishwa kwa unga wa kukoroga. Pangaboi la kopo la mafuta, unalifyatua kwa uzi, linaruka huku linalia kama nyuki. Likikupata usoni, utajieleza nyumbani. Nikishuka, watoto wamenizunguka kama nimetoka safari. Sasa nashuka na majani tu."

Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa vishada.

"Kuna kimoja nilikitengeneza kwa gazeti ambalo baba alikuwa hajalisoma. Nilichapwa mpaka nikasahau jina langu. Lakini kiliruka!"

Vitu alivyookota mapaani na havikupata mwenyewe hakuvitupa. Viko kwenye gunia chini ya kitanda, katika chumba kimoja wanachoishi. Ni sitini na kimoja, na kila kimoja kina kipande cha boksi kilichoandikwa mtaa na nyumba kilikotoka. Mkewe, anayelala juu ya gunia hilo, ana maoni yake.

"Wenzangu waume zao wameweka akiba benki. Wangu ameweka makopo."

Mwaka juzi Kunguru alijaribu kurudisha kimoja. Alikuwa ameokota pangaboi kwenye paa ambako miaka ishirini nyuma aliitwa kutafuta pangaboi hilohilo, mtoto wa nyumba akilia hadi kupaliwa, na hakuliona. Mtoto yule sasa ni mfanyakazi wa benki. Kunguru alilisafisha kwa mchanga, akampelekea kazini.

"Akaliangalia. Akaniangalia mimi. Akatoa noti akanipa. Alidhani naomba."

"Uliichukua?" anaulizwa.

"Niliichukua. Njaa haina aibu."

Aliondoka na noti. Pangaboi liliachwa juu ya kaunta, na hajui lilikwenda wapi.

Ugonjwa wake haukugunduliwa hospitali. Uligunduliwa na kishada. Jumapili moja mwaka jana alitoa kimoja kwenye gunia, akaenda nacho uwanjani nyuma ya nyumba kuona kama bado kina uhai. Upepo ulikipokea. Uzi ukakazika.

"Nikamwambia avute, kinakwenda kwenye nguzo," mkewe anasimulia. "Ananiuliza, kiko wapi? Nikadhani ananitania. Nikamwambia, mzee, si hicho hapo, kikubwa kama mlango! Anaangalia mbingu nzima, hakioni. Uzi uko mkononi mwake."

Daktari aliuita presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki nusu, na kilichopotea hakirudi. Alimkataza ngazi siku hiyohiyo. Kunguru aliendelea kupanda miezi kumi na moja zaidi, bila kuwaambia wateja, akihesabu vidato kwa miguu na kupapasa gata kwa mikono. Tusiuite ushujaa. Angeanguka, angemwangukia anayemshikia ngazi. Lakini mwenye nyumba wao hapokei cheti cha daktari badala ya kodi.

Mwezi uliopita aliteleza. Mkewe alisema neno moja tu: basi.

Saa nne fundi mwenzake anafika. Ni kijana mwenye kifua kipana, anaiinua ngazi kama ufagio. Kunguru anamwomba mambo mawili. La kwanza, amwajiri kumshikia ngazi.

"Mikono ninayo," anasema. "Kushika hakuhitaji macho."

"Shikamoo yako naipokea kila siku mzee wangu... ee, yaani nakuheshimu," kijana anajiumauma. "Lakini nikiteleza utanionaje?"

La pili, akikuta kitu cha kuruka huko juu, asikitupe, amletee.

"Kunguru, hizo si takataka?"

Kijana anaondoka na ngazi begani, kidato kilichopasuka kikiwa kimeelekea juu.

Parachuti limebaki kwenye ngazi za mlango, binti amelisahau. Kunguru analipapasa, analikunja, analitia mfukoni. La sitini na mbili. Anamwomba mkewe aandike mtaa na nyumba, kwa kuwa yeye sasa mistari inamkimbia.

Mpango wake ni mdogo. Kila Jumapili yenye upepo atatoa kishada kimoja kwenye gunia, waende uwanjani, mkewe amweleze kiko wapi.

"Uzi utaniambia kama kimepanda. Ukilegea, nitajua kimeanguka," anasema. "Huyu atasema bado kiko juu. Namjua."

Mkewe anakunja mikono yake, iliyozoea ngazi, na hakatai.